Nimekutwa na UVIKO, mama mkwe ana sukari: tulaleje kwenye chumba na sebule?

*Shikamoo Daktari. Nina mtoto wa miezi mitano, nakaa Tabata Kimanga, ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Jumamosi iliyopita tulikuwa na sendofu ya mdogo wangu. Jumatano jioni nilienda kikao cha vikoba nikiwa mzima kabisa. Alhamisi nikaamka koo linakwangua, kichwa kinagonga, mwili kama nimepigwa, na homa juu. Nikapima malaria, hamna. Wakanipima na kile kipimo cha pua, wakasema ni UVIKO. Duka la dawa wamenipa azithromaisini, prednisoloni, vitamini C na dawa ya maji ya kikohozi. Mama mkwe amekuja kutoka Tanga kutusaidia mtoto, ana sukari na presha. Anataka tupige nyungu, wote tujifukize. Nyumba ni chumba na sebule. Tangu jana mtoto analala na bibi yake, na nimeacha kumnyonyesha. Mume wangu anataka mama apande basi kesho arudi Tanga. Bosi anasema Jumatatu niwe dukani. Leo Jumamosi. Nifanye nini?*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Umeuliza mengi, lakini mawili hayangoji kesho: mtoto arudi kwako leo hii na uendelee kumnyonyesha, na mama asipande basi.

Najua ulimpeleka mtoto kwa bibi kwa nia njema. Lakini tuhesabu. Mwenye UVIKO huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajasikia dalili yoyote. Dalili zako zimeanza Alhamisi, kwa hiyo tangu Jumanne au Jumatano mtoto amekuwa kifuani pako akivuta pumzi yako. Kama ni kuambukizwa, huenda keshaambukizwa. Sasa umemchukua mtoto huyo ukamlaza uso kwa uso na mtu aliye hatarini kuliko wote humo ndani. Mtoto wa miezi mitano mwenye afya, kwa UVIKO, mara nyingi hupata mafua na homa ya siku mbili tatu akapona. Mama wa makamo mwenye sukari na presha ndiye ninayemwogopea. Ingekuwa influenza, au kile kirusi cha RSV kinachobana vifua vya watoto wadogo, ningewaogopea wote wawili, na bado nisingewalaza kitanda kimoja.

Maziwa yako hayamwambukizi mtoto. Kinyume chake, mwili wako sasa unatengeneza kinga dhidi ya kirusi hiki, na sehemu ya kinga hiyo inapita kwenye maziwa. Anachopaswa kukingwa nacho ni pumzi yako. Vaa barakoa, nawa mikono, mnyonyeshe, akishiba alale pembeni yako na si chini ya pua yako. Barakoa ni ya kwako tu. Mtoto wa umri huo havalishwi. Ukiishiwa nguvu kabisa, kamua, baba yake amnyweshe kwa kikombe. Usiache titi likajaa hadi likaumwa, ukawa na homa mbili badala ya moja.

Sasa basi la Tanga. Mama ameishi nawe wiki nzima. Kirusi hiki kwa kawaida hukaa kimya siku mbili hadi tano kabla hakijajionyesha, na mara chache hufika hata siku 14. Anaweza kuwa nacho sasa hivi huku anapika anaimba. Mkimpandisha basi lenye kiyoyozi na madirisha yaliyofungwa, saa tano au sita, mtakuwa mmewagawia abiria wenzake. Na homa ikimkuta Segera, hayupo kwenu wala hayupo kwake. Akifika salama, kule kijijini wazee wenzake watakuja kumjulia hali. Kama mna ndugu hapa hapa Dar mwenye chumba kitupu na asiye na mzee wala mgonjwa ndani, mama aende huko kwa bajaji, amevaa barakoa, na wenyeji waambiwe ukweli. Kama hamna, abaki, tupange nyumba.

Kabla ya kupanga, nieleze jambo moja ambalo naona bado halijaingia vichwani mwetu. Mwaka 2020 kila mlango wa duka ulikuwa na ndoo ya maji tiririka, tukabaki tunaamini ugonjwa huu uko mikononi. Kunawa ni kuzuri, kunaokoa matumbo ya watu wengi, lakini UVIKO unasafiri zaidi kwa hewa. Chukua udi. Ukiuchoma chetezoni sebuleni, umefunga mlango na dirisha, baada ya dakika kumi harufu iko kila kona. Ukikitoa chetezo nje, chumba bado kinanukia. Aliyekaa mita mbili anaisikia na aliyekaa mita nne anaisikia. Fungua dirisha huku na mlango kule upepo upite, udi hauna pa kukaa. Pumzi yako kwa siku hizi ndiyo huo udi, ila haina harufu ya kumwonya mtu.

Kwa hiyo mgawanyo ni huu: chumbani alale aliye mgonjwa na waliokwisha kukaribiana naye sana, yaani wewe, mtoto na baba yake. Mama abaki sebuleni peke yake. Mume wako asije akahamia sebuleni "kumkinga mtoto". Naye anaweza kuwa anakibeba. Kama kitanda ni kimoja, laleni mzungu wa nne, kichwa cha mmoja miguuni pa mwenzake, kichwa chako upande wa dirisha. Mlango wa kati ya chumba na sebule ufungwe. Dirisha la chumba liwe wazi usiku na mchana, na la sebule vilevile.

Najua utasema mbu. Mbu ni kazi ya chandarua, si ya dirisha. Na ule wavu wa dirishani usugue, maana nyavu nyingi za Tabata ukizitazama vizuri zimeziba kwa vumbi la barabara, hewa inapita kwa kuomba.

Pangaboi halisafishi kitu. Linazungusha hewa ile ile kama mwiko kwenye uji. Kama mna feni ya kusimama, iweke karibu na dirisha la chumba, uso wake ukitazama nje, isukume hewa ya chumbani ikatoke. Shika pindo la kanga mbele yake. Likivutwa kwenda nje, umepatia. Halafu tazama nguo kwenye kamba ujue upepo unatoka wapi. Wavuvi wangesema mama akae joshini, wewe demani: hewa imfikie yeye kwanza ndipo ije kwako, isiwe kinyume chake. Mchana akae kibarazani au chini ya mti, apikie nje. Nje udi unapotea haraka.

Ukipita sebuleni kwenda chooni, vaa barakoa, pita, usisimame kusalimia. Mama naye avae wakati huo. Za hospitali za kawaida ni bora kuliko za kitambaa, na zile nene zinazobana uso, N95, ni bora zaidi, hasa kwa mama. Kama una chache, usizitundike kwenye msumari mmoja na za wengine. Vyombo vioshwe kwa sabuni, basi. Hakuna haja ya kuvichemsha, wala kumpulizia mtu Jik. Nasema hivyo kwa sababu nimeona.

Nyungu. Sina ugomvi nayo, hata mimi nimelelewa nayo, mchaichai na majani ya mwarobaini. Mvuke unalainisha kamasi na unampa mgonjwa nafuu ya saa moja. Hauui kirusi, kwa sababu kirusi kiko ndani ya chembe za mwili wako, na joto la kukiua huko lingekupika wewe kwanza. Ninachokikataa ni hilo neno "wote". Chini ya blanketi moja, watu watatu wanahema kwa nguvu midomo wazi: hakuna mahali pengine duniani penye udi mzito kuliko hapo. Ukitaka kujifukiza, jifukize peke yako, dirisha wazi, beseni likiwa sakafuni na mtoto akiwa mbali. Niliwahi kuletewa mtoto wa miaka mitatu aliyeungua mapaja yote mawili baada ya sufuria ya nyungu ya bibi yake kupinduka. Mafua waliyokuwa wanayafukuza hata hakuna aliyeyataja tena.

Lakini usimwambie wewe. Mwachie mume wako aongee na mama yake, wewe huko chumbani unakohoa tu.

Tuje kwenye mfuko wa dawa. Azithromaisini inaua bakteria, na hiki ni kirusi. Haikuishia kwenye nadharia: ule utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao RECOVERY uliijaribu kwa maelfu ya wagonjwa wa UVIKO waliolazwa, haikuwasaidia. Utafiti huo huo mwaka 2020 ulionyesha kwamba deksamethasoni, ndugu yake prednisoloni, iliokoa maisha ya waliohitaji oksijeni, lakini kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida, na ilielekea kudhuru. Wewe unapumua vizuri. Basi dawa hizo mbili kama hujaanza usianze, na kama umemeza siku moja mbili mpigie tabibu aliyekupima akuthibitishie kuacha. (Anayetumia prednisoloni kwa miezi kwa ajili ya ugonjwa mwingine asiikatishe ghafla, huyo ni mwingine.) Halafu zifungie kabatini. Mama akikohoa, mtu asije akamwonea huruma akampa zilizobaki: prednisoloni inapandisha sukari kama mtu aliyemwaga kilo nzima kwenye chai.

Dawa ya maji ya kikohozi, soma lebo. Yenye kodeini haimfai mama anayenyonyesha, kwa sababu inapita kwenye maziwa na inaweza kumlegeza mtoto hadi pumzi. Yenye pseudoefedrini, inayouzwa kufungua pua, inapunguza maziwa. Kijiko cha asali kwenye maji ya uvuguvugu yenye tangawizi kinatuliza kikohozi bila hayo yote. Cha kwako wewe, si cha mtoto. Najua bibi wengi hupenda kumlambisha mtoto asali. Kabla ya mwaka mmoja ni marufuku, asali inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli ya mtoto. Vitamini C haina madhara kwa kiasi hicho, wala haina muujiza.

Kinachobaki ni parasetamoli: vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa sita, visizidi nane kwa siku. Na tahadhari moja inayolaza watu hospitali: dawa nyingi za "mafua" za vidonge, na zile za maumivu zilizochanganywa na diklofenaki, ndani yake tayari mna parasetamoli. Ukimeza hiyo na panadol juu yake, umezidisha dozi bila kujua, na ini ndilo linalolipa. Kunywa maji, uji, supu. Lala. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, hujanywa vya kutosha, na anayenyonyesha anahitaji zaidi.

Ulifanya jambo la maana kupima malaria kwanza, na nyumba nzima ishike desturi hiyo. Mume wako akipata homa keshokutwa, msiseme "ni ile ya mama nanii". Apime malaria siku hiyo hiyo. Dar hii imeona milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mwanzo wake, homa, kichwa, mwili kuuma, unafanana na huu. Tofauti ni kwamba dengi kwa kawaida haiji na mafua na kikohozi. Mpaka ijulikane, homa ishushwe kwa parasetamoli peke yake. Asipirini, ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumtokesha damu mwenye dengi, na asipirini kwa mtoto mwenye homa ya virusi haitolewi kabisa.

Bosi. Siku dalili zilipoanza ni siku ya sifuri, hiyo ni Alhamisi. Jumatatu itakuwa siku ya nne, na siku hizo za mwanzo ndizo unazomwaga virusi kwa wingi zaidi. Keshia wa Kariakoo anahudumia watu wangapi kwa siku, kwenye duka ambalo mlango mmoja ndio dirisha? Mapendekezo yanatofautiana. Shirika la Afya Duniani lilishauri siku 10 tangu dalili kwa asiye na kipimo cha kumruhusu mapema. Wamarekani tangu Machi 2024 wanasema rudi ukikaa saa 24 bila homa, bila kutumia dawa ya kushusha homa, na dalili kwa jumla zinapungua, kisha siku tano zaidi za tahadhari. Ushauri wangu kwako, mwenye mgonjwa wa sukari nyumbani: usitoke kabla ya Jumatano ijayo, na hata Jumatano iwe umeshatimiza hizo saa 24. Ukirudi kazini, barakoa usoni hadi Jumapili ya siku ya kumi, chakula cha mchana ukale nje. Nyumbani, kutenganisha na mama kuendelee hadi siku hiyo hiyo ya kumi. Kipimo cha pili si lazima. Cha maabara kinaweza kuendelea kuonyesha mabaki ya kirusi kwa wiki kadhaa wakati huambukizi tena.

Rudi kwa tabibu uandikiwe ED, yaani cheti cha kupumzika kazini kwa ugonjwa, usimpigie bosi simu ya kuomba huruma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, mradi awe na cheti cha daktari. Wewe unaomba siku mbili tatu.

Sasa mambo ya kuangalia, maana UVIKO una tabia ya kumdanganya mtu. Siku tano za kwanza anajiona anapata nafuu, halafu kati ya siku ya tano na ya kumi kifua kinabadilika. Usingoje homa ikuambie. Pima kwa maneno: kama huwezi kumaliza sentensi ndefu bila kuhema, ondoka nyumbani. Vilevile kifua kikibana au kuuma, mtu akichanganyikiwa au kushindwa kuamka vizuri, midomo ikiwa ya kijivu au bluu, au homa iliyokwisha ikarudi baada ya siku mbili za nafuu. Hiyo ya mwisho mara nyingi ni nimonia ya bakteria imepanda juu ya kirusi, na hapo ndipo antibayotiki inapata kazi.

Kama mnaweza kununua kile kidude cha kupima oksijeni kidoleni, kinunulieni mama. Apimwe asubuhi na jioni, ametulia, mikono si ya baridi. Chini ya 94, hospitali siku hiyo. Chini ya 90, dakika hiyo. Kifaa hicho mara nyingi hupandisha namba kidogo kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo 94 ya mtu anayehema isikupe usingizi. Na kwenye sendofu bila shaka mlipaka piko: tumia kidole kisicho na piko wala rangi ya kucha, vinapotosha.

Mtoto, mhesabu pumzi akiwa ametulia au amelala, dakika nzima, si nusu ukazidisha. Kwa umri wake, 50 au zaidi ni nyingi. Mbavu zikibonyea ndani anapovuta pumzi, akikataa titi, akilegea au kupata degedege, msikae kutazamana. Kutoka Kimanga, Hospitali ya Amana si mbali. Chukueni bajaji, pembeni wazi, si daladala.

Mama akipata hata mafua tu, aende kupima siku hiyo hiyo, asisubiri aone. Kuna dawa za kukizuia kirusi chenyewe kwa walio hatarini kama yeye, pale zinapopatikana, na huanzwa ndani ya siku tano za mwanzo wa dalili. Za influenza hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 48. Akichelewa wiki, dirisha hilo limefungwa. Dawa zake za sukari na presha asiache, hata kama hamu ya kula imekata. Ugonjwa hupandisha sukari, kwa hiyo apime mara nyingi kuliko kawaida, na madafu na juisi za "kumpa nguvu" ziwekwe kando. Akitapika hakai na dawa, hiyo ni safari ya hospitali.

Wewe mwenyewe tegemea kuchoka. Wiki mbili tatu za kupanda ngazi ukasimama katikati si ajabu, usijilazimishe. Lakini kikohozi kikivuka wiki mbili, upimwe kifua kikuu, usikiite "mabaki ya UVIKO". Kipimo na matibabu yake kwenye vituo vya serikali ni bure.

Mwisho, vikoba. Kwenye sendofu Jumamosi bado hukuwa unaambukiza, huenda ndiko ulikokiokota. Lakini Jumatano jioni mlikaa kwenye chumba cha mtu, mkahesabu hisa, mkaimba, saa mbili hivi, na kesho yake ukaamka na homa. Mpigie mwenyekiti leo, usiandike kwenye kundi la simu ambako nusu watasoma wiki ijayo. Kama kuna mjamzito mliyekaa naye, au mwenye pumu, au anayemlisha bibi kizee uji nyumbani, mpigie huyo kwanza, kabla hata ya mwenyekiti. Mwambie akae siku kumi akijitazama, avae barakoa akiwa na watu, na homa ikimgusa apime malaria na pua kwa pamoja.